Cheo Hufaje? Uerli wa Oxford Uliozimika Huku Damu Ikiendelea

Oktoba 2025 Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Andrew, mdogo wake Mfalme Charles, anavuliwa vyeo vyake. Tangu jioni ile maswali yalimiminika vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Je, Duke wa York ndiyo basi tena? Binti zake wawili hawawezi kurithi? Mfalme akitaka, kesho anaweza kumpa mtu mwingine? Nilisoma majibu mengi, na karibu yote yalijikwaa kwenye jiwe moja: watu hudhani cheo cha Kiingereza ni kama jina la ukoo, kwamba maadamu ukoo upo, basi na cheo kipo.

Sivyo kabisa. Cheo kinaweza kufa huku familia ina watoto na wajukuu tele, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni uerli wa Oxford. Ukoo mmoja, de Vere, uliushika tangu 1141. Vita, visu vya kisiasa na mabunge yenye hasira viliushindwa. Kisha Machi 1703 ukazimika, ilhali binti wa erli wa mwisho alikuwa hai, ameolewa, na ana watoto wa kiume wanaokimbia nyumbani.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Makabaila wa Uingereza wana madaraja matano. Juu kabisa yuko duki, ambaye magazeti yetu humwandika Duke kama alivyo, kisha makwisi, erli, vaikaunti na baroni. Wote kwa jumla huitwa malodi. Cheo cha kurithi ni kile ambacho mwenyewe akifa kinahamia kwa mtu mwingine. Ukimsikia mwanamuziki au kocha wa mpira akiitwa Sir, kwa kawaida hicho si cha kurithi, atazikwa nacho. Na kuna malodi wa siku hizi wanaoteuliwa kuingia bungeni kwa maisha yao tu. Hao nao watoto wao hawarithi kitu.

Sasa, cheo cha kurithi hufuata njia gani? Mtu wa Lamu au Mombasa ataelewa haraka, kwa sababu anaijua wakfu. Mzee anaiweka nyumba wakfu kwa kizazi chake. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi wala haigawanywi kama mali nyingine. Inafuata maneno ya aliyeiweka. Amesema nani anufaike, baada yake nani, na kizazi kikikatika mapato yaende wapi. Mjukuu hata awe mpendwa namna gani hawezi kuamka asubuhi akabadili sharti. Cheo cha Kiingereza ni vivyo hivyo: mweka wakfu ni mfalme, na sharti limo kwenye hati yake yenye muhuri. Tofauti kubwa ni kwamba nyumba ya wakfu inaweza kuwafaa ndugu kumi kwa pamoja, ila cheo hukaliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Na sharti lililo la kawaida zaidi ni hili: cheo kiende kwa warithi wa kiume waliotokana na mwili wa yule aliyepewa kwanza, waliozaliwa ndani ya ndoa. Maana yake ni kuumeni tupu. Mwana wa mwana wa mwana. Mkikutana na mwanamke katikati ya mlolongo, kamba imekatika hapo, hata kama mtoto wa mwanamke huyo anafanana na babu yake kama shilingi kwa ya pili.

Kenya ina mfano mmoja unaoonyesha jambo hili waziwazi. Alfajiri ya 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Erli wa Erroll wa 22, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi, upande wa Karen. Kifo chake kimesimuliwa sana. Kilichotokea kwa vyeo vyake hakisimuliwi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Diana. Uerli wa Erroll ni wa Uskoti, na sharti lake humruhusu mwanamke, kwa hiyo binti yule mdogo akawa mwenye cheo, wa 23 kwa hesabu. Lakini marehemu alikuwa na cheo kingine cha chini, ubaroni wa Kilmarnock, na huo ulikuwa wa wanaume peke yao. Ukampita Diana, ukaenda kwa baba yake mdogo Gilbert. Amekufa mtu mmoja, ameacha vyeo viwili, na vyeo hivyo vikashika njia mbili siku hiyohiyo. Hakuna aliyewapendelea wala kuwaonea. Hati mbili zilisema mambo mawili.

Kufa, kulala, kuning'inia

Watu husema tu "cheo kimeisha", lakini kuna namna kadhaa za kuisha, na kuzichanganya ndiko kunakoleta mabishano yasiyo na mwisho.

Cheo hufa pale ambapo hakuna tena mtu hata mmoja anayetimiza sharti. Frederick Lugard, yule aliyejenga ngome kwenye kilima cha Kampala mwaka 1890, alipewa ubaroni mwaka 1928. Alifariki 1945 bila mtoto. Ubaroni ukafa naye baada ya miaka 17. Hapo hakuna la kujadili.

Cheo hulala pale ambapo mrithi huenda yupo mahali, ila hajajitokeza au hajaweza kuthibitisha. Ni kama shamba lenye hati lakini mwenyewe hajulikani aliko.

Kuning'inia ni kugumu kidogo. Kuna vyeo vya zamani, hasa ubaroni, vinavyoweza kupita kwa wanawake. Baba akiacha binti mmoja, anarithi. Akiacha mabinti watatu, sheria ya Kiingereza haimtambui dada mkubwa. Wote wana haki sawa, na kwa kuwa cheo hakigawanyiki, hakuna anayekipata. Kinaning'inia juu ya vichwa vyao, pengine kwa karne nzima, mpaka matawi mengine yakatike libaki moja, au mfalme achague mmoja.

Kuna pia kumezwa, pale mwenye cheo anapokuwa mfalme mwenyewe. Baba yake Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa Duke wa York. Alipokuwa mfalme 1936, uduki ukaingia ndani ya taji ukatoweka humo. Na mwisho kuna kunyang'anywa kwa uhaini, adhabu iliyokuwa ikipitishwa bungeni na kuambatana mara nyingi na shoka.

Uerli wa Oxford ulionja kadhaa kati ya hayo. Ndiyo maana ni mwalimu mzuri.

Cheo kilichochaguliwa kama kitambaa dukani

Mwaka 1141 Uingereza ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Matilda, binti wa mfalme aliyefariki, alikuwa akigombea kiti na binamu yake Stephen. Alihitaji wanaume wenye ngome, na mmoja wao alikuwa Aubrey de Vere, ambaye babu yake, Aubrey vilevile, alikuwa miongoni mwa Wanormani waliogawana ardhi baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Matilda akamwahidi uerli. Hati ilisema atakuwa Erli wa Cambridge, ila kama ikionekana Cambridge iko mikononi mwa mfalme wa Uskoti, basi achague katika mikoa minne: Oxford, Berkshire, Wiltshire au Dorset. Cambridge haikupatikana. Akachagua Oxford.

Kwa hiyo wanaodhani Erli wa Oxford alikuwa bwana wa mji wa Oxford na chuo chake, waache dhana hiyo. Alichopata huko ni sehemu ya tatu ya mapato ya mahakama ya mkoa. Maskani yake yalikuwa mbali, Hedingham katika mkoa wa Essex, ambako mnara wake wa mawe bado umesimama. Alikuwa pia na ardhi Kensington, iliyokuwa kijiji na sasa ni katikati ya London. Ndugu zetu wanaoishi huko na kupanda treni za chini ya ardhi hupita kila siku katika kituo cha Earl's Court, maana yake mahakama ya erli. Erli mwenyewe ni huyu. Hapo ndipo wapangaji wa ardhi yake walipokuwa wakihukumiwa.

Nausisitiza uchaguzi ule wa 1141 kwa sababu unaonyesha kitu ambacho picha za sinema huficha. Cheo hakikuota kutoka ardhini kama mbuyu. Kilikuwa malipo, kikaandikwa kwa haraka wakati wa vita, na jina lake lilikuwa la pili katika orodha ya matano.

Miaka mia mbili na hamsini hivi baadaye likatokea jambo lililokuja kuua uerli, ingawa siku ile lilionekana kuuokoa. Erli wa 9, Robert, alikuwa kipenzi cha Mfalme Richard wa Pili. Mfalme alimpandisha mpaka akawa makwisi, wa kwanza katika historia ya Uingereza, mwaka 1385, na mwaka uliofuata akamfanya duki. Wakubwa wengine hawakuvumilia. Desemba 1387 walilitawanya jeshi lake penye daraja la Radcot kwenye mto Thames, Robert akatoroka ng'ambo, bunge likamhukumu kwa uhaini na kumnyang'anya kila kitu. Alifia Louvain mwaka 1392, bila mtoto.

Uerli ungeweza kuishia pale. Badala yake, mwaka 1393 bunge lilimrudishia baba yake mdogo, Aubrey. Lakini angalia namna walivyorudisha: kwake na kwa warithi wake wa kiume. Hati za kale zilikuwa fupi, zikisema warithi na kuishia hapo. Sasa neno moja limeongezwa. Kiume. Aubrey huenda hata hakulitilia maanani. Alikuwa na wana. Neno lile lilikaa kimya ndani ya kumbukumbu za bunge kama mchwa ndani ya boriti.

Ukungu wa Barnet

Katikati ya karne ya 15 ukoo wa kifalme uligawanyika, Lancaster kwa York, na de Vere wakasimama na Lancaster. Februari 1462 Erli wa 12 na mwanawe mkubwa walikatwa vichwa mjini London. Mwana wa pili, John, akawa wa 13.

Alfajiri ya Pasaka, 14 Aprili 1471, huyu John alikuwa Barnet, kaskazini ya London, na ukungu ulikuwa mzito hata mtu haoni mkuki wa mwenzake. Alivunja ubavu wa adui, akawakimbiza mpaka mjini, kisha akawakusanya watu wake na kurudi uwanjani. Nguo za askari wake zilikuwa na nyota, alama ya ukoo. Alama ya Mfalme Edward wa York ilikuwa jua lenye miale. Katika ukungu, nyota inayokuja mbio kutoka upande usiotarajiwa ilionekana jua. Wenzao wa Lancaster wakawapiga mishale. Watu wa Oxford wakapiga kelele kwamba wamesalitiwa, na safu nzima ikavunjika. Alama ya familia, ambayo kazi yake ni kukutambulisha, iliwaponza siku ile.

John alitoroka, akashikwa baadaye, akanyang'anywa uerli kisheria mwaka 1475, na kufungwa kwenye ngome ya Hammes karibu na Calais. Mwaka 1484 alimshawishi mlinzi wake wakaondoka pamoja kwenda kwa Henry Tudor, aliyekuwa akidai kiti cha ufalme kwa upande wa Lancaster. Agosti 1485, kule Bosworth, ni yeye aliyeongoza jeshi la Henry lililomwangusha Richard wa Tatu. Henry akawa mfalme, na uerli ukarudi. Cheo kilichokuwa kimekufa mbele ya sheria kwa miaka kumi kikafufuka, kwa sababu mweka wakfu mpya alikuwa na deni.

Yaliyofuata nayapita upesi, isipokuwa 1526. Mwaka huo Erli wa 14 alifariki bila mtoto, akaacha dada watatu. Kwa sharti la 1393 dada hawakuhesabika, na uerli ukaruka ukamwangukia ndugu wa mbali kuumeni. Erli wa 17, Edward, aliyeishi 1550 hadi 1604, ndiye anayejulikana zaidi mtandaoni, kwa sababu tangu 1920 kuna watu wanaoshikilia kwamba ndiye aliyeandika tamthilia za Shakespeare. Wanazuoni wengi mno hawakubali, na tamthilia kadhaa zilitokea baada ya yeye kuzikwa. Jambo la uhakika kumhusu ni kwamba aliuza mashamba ya ukoo moja baada ya jingine. Waliomfuata walirithi jina kubwa na mfuko mtupu.

Kesi ya 1626

Hapa ndipo mada yetu inapokolea. Erli wa 18, Henry, alifariki mwaka 1625 katika vita vya Uholanzi, hana mtoto. Wakajitokeza wadai wawili, wote wanaitwa Robert.

Wa kwanza, Robert Bertie, alikuwa tajiri, lodi tayari, na mtoto wa shangazi yake marehemu. Binamu wa karibu kabisa. Wa pili, Robert de Vere, alikuwa askari asiye na mali, anayeishi kwa mshahara wa jeshi la Waholanzi. Yeye na marehemu walikutana kwa babu wa baba zao. Kwa ukaribu wa damu, Bertie alimshinda mbali. Kwa kuumeni, ni yule askari peke yake.

Mtu atauliza, na dada za marehemu je? Walikuwapo watatu, lakini wa baba mmoja na mama tofauti, na sheria ya Kiingereza ya wakati ule haikuwaruhusu ndugu wa namna hiyo kurithiana. Mabinti hao wa Edward, baba wa marehemu, walizuiwa mara mbili, kwa kuwa wanawake na kwa kuwa na mama mwingine.

Wadai walikuwa wakigombea vitu viwili. Kimoja ni uerli. Kingine ni wadhifa wa mkuu wa vyumba vya mfalme, ambao ukoo wa de Vere ulikuwa nao tangu karne ya 12. Jambo lilipelekwa mbele ya malodi na majaji, na Jaji Mkuu Ranulph Crewe akasema maneno ambayo Waingereza wanayakariri hadi leo. Alisema kila kitu cha dunia kina mwisho, majina na heshima pia, na kwa nini isiwe de Vere? Yuko wapi Bohun? Yuko wapi Mowbray? Yuko wapi Mortimer? Na zaidi ya wote, yuko wapi Plantagenet, ukoo wa wafalme wenyewe? Wamezikwa makaburini. Hata hivyo, akamalizia, jina na heshima ya de Vere vidumu kadiri itakavyompendeza Mungu.

Uamuzi ulikata vitu viwili kama kisu. Uerli ulikwenda kwa askari maskini, kwa sababu ya lile neno la 1393. Wadhifa ulikwenda kwa Bertie, kwa sababu haukuwa na sharti la kuumeni. Na hapa pana jambo linalonigusa kila ninapolifikiria. Kitu kilichoruhusiwa kupita kwa wanawake kingali hai. Wadhifa ule uliendelea kushuka kwa mabinti wa Bertie na mabinti wa mabinti, na leo unashikwa kwa zamu na koo kadhaa zilizotokana nao. Wakati wa Malkia Elizabeth wa Pili ulikuwa kwa ukoo wa Cholmondeley, ambao tawi lake moja ndilo la akina Lodi Delamere wa Bonde la Ufa. Mei 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, aliyeushika alikuwa Lodi Carrington, na dunia nzima ilimwona kwenye televisheni. Uerli uliofungwa kwa wanaume haukumaliza hata miaka themanini baada ya kesi ile.

Binti wa mwisho

Yule askari, Erli wa 19, aliuawa mwaka 1632 katika kuzingirwa kwa Maastricht. Mwanawe Aubrey alikuwa na umri wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuja kuushika uerli kwa zaidi ya miaka 70, muda mrefu kuliko maisha ya watu wengi. Wafalme waliporudi 1660, baada ya Uingereza kukaa miaka kadhaa bila mfalme, alipewa kikosi cha farasi kilichovaa makoti ya buluu, watu wakakiita Buluu wa Oxford, na warithi wa kikosi hicho bado humsindikiza mfalme katika sherehe za London.

Lakini mrithi hakupatikana. Miaka ya 1660 aliishi na mwigizaji wa jukwaani, Hester Davenport, ambaye aliamini wameoana. Ndoa hiyo haikutambuliwa. Walipata mtoto wa kiume, naye akaitwa Aubrey. Huyo, baba alipofariki, alijiita Erli wa Oxford, na hakuna aliyemkubalia. Alikuwa mwanamume, alikuwa damu ya de Vere kuumeni, lakini sharti linasema ndani ya ndoa. Baadaye erli alioa kihalali, na aliyebaki kuendeleza damu yake ni binti, Diana. Kwake yeye ndoa haina shaka, damu haina shaka, ila ni mwanamke.

Kwa hiyo mzee yule alipofariki 12 Machi 1703, mmoja alikuwa na uanaume bila ndoa, mwingine alikuwa na ndoa bila uanaume, na uerli wa miaka 562 ukapita katikati yao ukaanguka.

Tazama sasa Diana ameolewa na nani. Mumewe, Charles Beauclerk, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles wa Pili na mwigizaji Nell Gwyn. Kwa sababu baba yake ni mfalme, aliandikiwa hati mpya na kufanywa Duki wa St Albans akiwa bado mtoto. Watoto wawili wa waigizaji, zama zilezile: mmoja amekuwa duki, mwingine amekataliwa uerli wa baba yake. Kilichowatofautisha ni kalamu ya aliyekuwa na muhuri.

Basi tuyajibu maswali

Je, uerli wa Oxford umekufa au umelala? Utakuta vitabu vingine vinasema hivi na vingine vile. Sababu ni kwamba de Vere walikuwa wengi, matawi yalitapakaa kwa karne tano, na haiwezekani kuapa kwamba hakuna mwanamume hata mmoja aliyetoka kuumeni akabaki mahali fulani. Anayetaka kuuamsha lazima athibitishe kila ndoa na kila kuzaliwa kurudi mpaka kwa mwenye hati. Zimepita zaidi ya karne tatu na hakuna aliyefaulu. Kwa matumizi ya kawaida, umekufa.

Lakini mbona baadaye kulikuwa na Erli wa Oxford wengine? Walikuwapo kweli. Mwaka 1711 mwanasiasa Robert Harley alifanywa Erli wa Oxford na Erli Mortimer. Jina la pili liliongezwa kwa tahadhari, endapo de Vere mmoja angejitokeza siku moja kudai lake. Cheo hicho nacho kilikufa 1853. Mwaka 1925 aliyekuwa waziri mkuu, Asquith, akafanywa Erli wa Oxford na Asquith, na hicho kipo hadi leo. Hakuna kati yao aliyerithi kutoka kwa mwenzake. Ni kama kiwanja ambacho nyumba ya zamani imebomoka na watu wengine wakajenga mbili mpya kwa nyakati tofauti: anwani ni ile, nyumba sizo, na hesabu ya wenye cheo huanza upya na wa kwanza.

Je, sheria haikubadilishwa ili wanawake warithi? Ilibadilishwa kwa kiti cha enzi. Sheria ya 2013 ilimfanya binti wa kifalme asipitwe na mdogo wake wa kiume. Vyeo vya malodi havikuguswa. Mpaka leo kuna nyumba kubwa za Uingereza ambamo binti wa kwanza anakua akijua kwamba kila kitu kitampita kiende kwa mdogo wake, au kwa binamu ambaye hata hamjui. Naliona ni jambo la kuumiza, na sioni sababu ya kulipamba kwa jina la mila.

Je, cheo kinaweza kununuliwa mtandaoni? Hapana. Wapo wanaouza vipande vya ardhi vya Uskoti vya ukubwa wa kitabu pamoja na cheti kizuri cha ulodi. Unachonunua ni kumbukumbu ya kutundika ukutani. Lodi wa kweli jina lake limo kwenye orodha rasmi iliyoanzishwa mwaka 2004. Wala cheo cha kurithi hakimpi mtu kiti bungeni kwa sababu tu amezaliwa. Mlango huo ulifungwa kwa walio wengi mwaka 1999.

Na Andrew je? Jina lake limeondolewa kwenye orodha hiyo, naye hatumii tena cheo. Lakini kukiua cheo chenyewe kisheria ni kazi ya bunge, kama lilivyofanya mwaka 1917 kwa sheria iliyotumika kuwavua vyeo makabaila waliokuwa upande wa Ujerumani. Binti zake hawawezi kurithi, kwa sababu ileile iliyomzuia Diana de Vere. Akifariki bila mwana wa kiume, uduki ule utakufa, na baada ya hapo mfalme atakayekuwapo anaweza kuandika hati mpya kwa mtu mwingine.

Diana de Vere aliishi hadi 1742. Mwanawe wa tatu, aliyezaliwa mwaka 1699 wakati babu yake angali hai, alimpa jina la ukoo wake mwenyewe kuwa jina la kwanza: Vere. Vere Beauclerk akawa afisa wa majini, na mwaka 1750 mfalme akamwandikia ubaroni mpya, Baroni Vere wa Hanworth. Naye mwanawe akamwita Aubrey, jina la erli wa kwanza na wa mwisho. Huyo Aubrey, mwaka 1787, akarithi uduki wa St Albans, kuumeni.